Jinsi ya Kupiga Picha ya Kijiti Ndhiwa

Ukishuka kwenye bodaboda mjini Ndhiwa, rudisha kamera kwenye begi na ufunge zipu. Ndiyo, mwongozo wa picha unaanzia hapo. Saa ya kwanza ni ya salamu. Mzee aliyeketi kivulini atataka kujua umetoka wapi, unakwenda kwa nani, na kama kwenu mvua imenyesha. Mjibu yote, hata la mvua. Mwenye haraka na apige picha matrekta ya miwa barabarani. Hayo hayahitaji kujuliwa hali.

Ukishakaribishwa bomani, inua macho. Kwenye kilele cha paa la nyasi la mwenye boma huchomoza kijiti. Waluo hukiita osuri. Kinasema mwenye nyumba yu hai; akifariki, kijiti huvunjwa. Mabati yamejaa siku hizi, kwa hiyo ukikiona, kipige kwa utulivu. Na usipokiona, uliza kabla ya kupiga. Niliwahi kupiga paa moja zuri lisilo na kijiti, mwenyeji wangu akisimama kando kimya. Jioni ndipo nilipoambiwa kwamba ile ilikuwa nyumba ya mjane. Kesho yake nilirudi kumpa pole. Ile picha ninayo hadi leo, na ni kwa ajili yake ninaandika maagizo haya.

Halafu kuna mikono ya dani, yaani nyanya, akichambua omena, yaani dagaa, kwenye ungo. Unaitaka sana, najua. Omba. Atasema ngoja, basi ngoja. Atanawa, atabadilisha gauni, atafunga kitambaa cha kanisani, atawaita wajukuu, kisha atasimama wima kama askari wa gwaride. Piga! Hiyo ndiyo picha yake, anavyotaka kuonekana. Omena haijakimbia; akirudi kwenye ungo, omba ile ya pili.

Ukivuka kuingia Migori, fika Thimlich Ohinga. Ni ngome ya mawe iliyojengwa, inavyokadiriwa, katika karne ya 16, na UNESCO iliiandikisha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wageni husimama mbali ili ukuta wote uingie kwenye picha. Wewe piga magoti. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yakajazwa katikati, bila saruji wala udongo wa kuyashika, na kuta zimepanda hadi mita 4 na zaidi mahali pengine. Piga pale jiwe dogo linapobana kubwa: mtu alilizungusha mkononi akalijaribu upande huu na ule mpaka likakaa. Mlangoni utainama. Aliyekuja kwa ubaya naye aliinama, kichwa mbele, na wenyeji wakimsubiri ndani. Kisha tafuta vishimo vya bao, mchezo ambao Waluo huuita ajua, vilivyochongwa mwambani. Waliolinda ng'ombe na watoto nyuma ya kuta nene hivyo walipata pia wasaa wa kucheza, na picha ya vishimo hivyo naithamini kuliko ya ukuta mzima.

Safari haijaisha. Chapisha picha kwenye karatasi, urudi nayo kwa dani. Ile ya mikono ataitazama kidogo tu. Ya kitambaa cha kanisani ataipangusa kwa kiganja, aite majirani, kisha atafute msumari.