Wageni Wasiobisha Hodi

London

Kwa Mjomba mpenzi, shikamoo. Wa baadu, nakuarifu ya kuwa mimi ni mzima wa afya, ila baridi tu. Na swali uliloniuliza katika waraka wako, kama watu wa huku wana akili timamu kama tulivyosomeshwa, nimelichunguza kwa makini, na jibu langu ni kwamba wanazo, isipokuwa wakiwa na simu mkononi.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya posta, huatamia mayai kwa miguu yake. Usidhani nimerukwa na akili, Mjomba. Upo mchezo wa simu uitwao Pokémon GO, uliotolewa Julai 2016 na kampuni ya Marekani iitwayo Niantic, ambao humpa mchezaji yai lisiloshikika, na yai hilo halianguliwi kwa joto bali kwa mwendo: lipo la kilomita 2, lipo la 5, lipo la 10, na mwenye kudhani kwamba atapanda gari ili aimalize safari kwa hila, simu humtambua kwa kasi yake ikamnyima hesabu. Basi mzee huyu, aliyesihiwa na tabibu miaka mingi atembee naye akakataa katakata, sasa huzunguka mtaa magharibi kwa magharibi kwa ajili ya kifaranga ambacho hatakila wala hatakiuza.

Siku moja alinichukua hadi bustani ya jirani, kwenye sanamu ya jemadari fulani ambaye kwa desturi hapana anayemtazama ila njiwa. Tulikuta umati umesimama mvuani, wanafunzi wa skuli, mabwana wenye tai, mama mwenye kigari cha mtoto, wote kimya, wote wameinamisha vichwa kama watu waliomo katika dua ya maiti. Mzee akatoa simu yake, ambayo huivika mfuko mwangavu wa mkate isiingie maji, na waya mweusi ukachomoza mfukoni mwa koti kwenda kwenye betri ya akiba. Ghafla vidole vikaanza kugonga vioo: walikuwa wakilipiga dubwana ambalo, kwa mujibu wa simu, lilikuwa limekaa juu ya kichwa cha jemadari. Baada ya kitambo wakashangilia, wakapeana hongera watu wasiojuana majina. Kisha bwana mmoja mwenye tai akalalama kwamba dubwana lake limemtoroka alipotaka kulinasa, na mama mwenye kigari akampa pole kwa huruma ambayo hapa sijapata kuiona hata mazikoni. Jambo hilo nalisifu bila ya kinyongo, maana katika mji huu watu hupanda lifti moja miaka na miaka pasina salamu.

Ninalolilaumu ni hodi. Wahuni hawa wasioonekana huwekwa wapi, na kwa idhini ya nani? Kampuni ile ilikuwa na mchezo wa awali, Ingress, ambao wachezaji wake walipeleka picha za sanamu, makanisa, michoro ya ukutani na majengo ya kale, na orodha hiyo ndiyo iliyorithiwa na mchezo wa mayai. Ikasadifu kwamba katika mji wa Holyoke, Massachusetts, kanisa moja la zamani lilikuwa limekwisha kugeuzwa nyumba ya kukaa. Mwenye nyumba akaamka akakuta wageni wamejazana nje ya mlango wake, kwa kuwa makazi yake yamefanywa uwanja wa mapigano bila ya yeye kuulizwa. Kule Rhodes, katika Sydney, wakaazi wa maghorofa walionyimwa usingizi waliwatupia wachezaji maputo yaliyojazwa maji. Na huko Ufaransa, meya wa kijiji cha Bressolles alitoa amri Agosti 2016 ya kuwakataza viumbe hao wasikae kijijini mwake, kwa hoja ambayo, wallahi, kadhi yeyote wa kwetu angeipokea: mwenye mkahawa hapati kutoa meza moja njiani ila kwa ruhusa, seuze kampuni ya ng'ambo kumwaga madubwana kijiji kizima. Wamarekani wao walikwenda mahakamani, na katika suluhu ya mwaka 2019 kampuni ikakubali kwamba mwenye nyumba aweza kudai kituo cha mchezo kilichomo ndani ya mita 40 za nyumba yake kiondolewe. Hiyo, Mjomba, ndiyo hodi ya kizungu: hubishwa mgeni akiwa amekwisha kulala kitandani.

Na sasa nikupe habari inayokuhusu zaidi, maana ni ya mjomba. Mwaka 2003 kundi la wasanii liitwalo Blast Theory, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, waliandaa hapa London mchezo uitwao Uncle Roy All Around You. Mchezaji alivuliwa kwanza mkoba, pochi na simu, akapewa kompyuta ndogo ya mkononi na dakika 60 za kumtafuta Mjomba Roy mitaani, ilhali watu wengine, waliokaa mbele ya kompyuta zao wakimwona akitembea katika ramani, wakimpelekea maneno ya kumwongoza au ya kumpoteza, kwa kadiri ya nyoyo zao. Aliyefuzu aliingia katika afisi, mjomba hayupo. Akatoka, akapandishwa gari la fahari, na mtu asiyemjua akamwuliza humo garini kama yu tayari kumfaa mgeni atakayepatwa na shida, kwa muda wa mwaka mzima. Wewe umeulizwa swali hilo na kila mpwa aliyeshuka bandarini Unguja, wala hakuna aliyekupandisha gari la fahari. Hata hivyo mchezo huu nauweka juu ya ule wa mayai, kwani ulimtaka mchezaji jambo zito kuliko kidole chake.

Sasa nina ombi. Mlango wako uliochongwa, wenye njumu za shaba, ni wa aina hasa wanayoipenda wapiga picha wa michezo hii. Akitokea kijana mbele yake, ameinama anagonga simu, usimmwagie maji kama watu wa Rhodes. Mwambie kwanza abishe hodi, akishabisha mpe kahawa, kisha umwulize dubwana limekaa upande gani wa kizingiti, nawe uniandikie upesi.

Wasalaam,
Mpwa wako