Ripoti ya Utiifu Kutoka Liboi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA),
Nairobi.

KUH: WATOTO WANAOSAFIRI PEKE YAO, LIBOI–DADAAB–GARISSA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Ukitandaza ramani mezani, fuata barabara ya A3 kutoka Thika, vuka Mto Tana pale Garissa, pita Dadaab, na kabla kidole hakijaingia Somalia utatukuta Liboi. Nasema kidole kwa kuwa gari lina masharti mengine, nitayafikia.

Nasikia wazazi wa huko Nairobi wanabishana iwapo mtoto wa miaka 13 au 14 anafaa kupanda matatu peke yake. Wengine wanataka akae nyuma ya dereva, wengine wanataka apewe simu inayoonyesha yuko wapi kila dakika. Sisi nasi tuna watoto wa umri huo na wanasafiri, tena si kutoka mtaa wa Umoja hadi mjini. Ni kama kilomita 80 hadi Dadaab na nyingine kama 100 hadi Garissa. Simu hatubishanii, maana al-Shabaab wana mazoea ya kuangusha milingoti ya mawasiliano katika kaunti hizi, na mlingoti ukilala chini, simu ya elfu arobaini inabaki kuwa tochi. Nimeona ni adabu kukuletea ripoti ya utiifu kabla hujaiomba.

Kanuni za marehemu waziri John Michuki za mwaka 2004 zilitaka gari la abiria lisizidi kilomita 80 kwa saa. Hapa zinafuatwa kikamilifu bila kidhibiti mwendo. Ukishaiacha lami huko nyuma mchanga unadhibiti wenyewe, na mvua ikinyesha mwendo unashuka hadi sufuri na kukaa hapo siku mbili tatu. Utepe wa njano uliotakiwa na kanuni hizo upo, umeletwa na vumbi, tena umezunguka gari lote. Mikanda ni ile kamba ya kufungia magunia, na abiria wa juu ya lori huishika kwa mikono miwili bila kukumbushwa. Mlipozuia mabasi kusafiri usiku mnamo Desemba 2013, sehemu nyingine za nchi zililalamika. Sisi kimya. Huku marufuku ya usiku inasimamiwa na watu wenye bunduki wa pande mbili, na upande mmoja hautoi leseni wala hauna ofisi ya rufaa.

Kanuni iliyotushinda ni ile ya kutaka magari yasiyopungua 30 katika kila sacco. Tumehesabu Probox zote, tukaongeza Land Cruiser za mizigo, tukaingiza na mikokoteni ya punda. Bado kidogo tu tutimize.

Utauliza mtoto wa miaka 14 anakwenda wapi. Anakwenda kumtafuta mwalimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hii hii ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Siwalaumu walioondoka, hata mimi ningeondoka. Nashangazwa tu na hesabu iliyopigwa. Mtu mzima mwenye mshahara, chama cha wafanyakazi na cheti cha ualimu alionekana hayuko salama kukaa darasani. Kwa hiyo mtoto akafungiwa sanduku lake la bati, akapandishwa gari, apite barabara ile ile iliyomtisha mwalimu wake. Kompyuta ya Wizara ya Elimu nayo ina moyo mkubwa: inaweza kumpangia mtoto wa Liboi bweni upande wa pili wa nchi bila kuuliza atapita wapi.

Chombo chenyewe mara nyingi ni gari la miraa. Katika mji huu vitabu, dawa na maji hungoja kikao. Miraa haingoji, kwa sababu ikinyauka haina bei, na ndiyo maana gari lake ndilo usafiri wa umma unaoaminika kuliko wote. Likirudi Garissa huwa tupu, na dereva huuza nafasi. Mtoto hukalia magunia yaliyobaki na harufu ya majani, sanduku liko kwenye keria, taniboi amening'inia nyuma. Dereva anatafuna tangu jana, hawezi kusinzia hata akitaka, na hilo nalo ni usalama wa aina yake ambao sijauona katika vijitabu vyenu.

Kuhusu mabomu ya kutegwa ardhini, dereva husoma mchanga. Akiona umefukuliwa anazunguka kichakani. Tena hapendi kuandamana na gari la askari. Mei 2017 polisi waliuawa na bomu lililotegwa kati ya Liboi na Kulan, na kila dereva wa njia hii anajua ni magari gani yanayowindwa. Ndiyo maana, Mheshimiwa, sisi ndio raia pekee wanaoona ulinzi unakuja wakapunguza mwendo ili utangulie mbali.

Sasa nije kwenye kizuizi.

Vijana wetu wana tatizo la kurefuka. Akifika miaka 14, mtoto wa Kisomali anaweza kuwa anainama kuingia mlangoni kwa mama yake, na juu ya mdomo ameota vinyweleo vitatu anavyovionea fahari. Gari linasimama kizuizini. Abiria wanateremshwa, wanapanga foleni, kitambulisho mkononi.

"Warya, kitambulisho."

"Sina, afande. Nina miaka kumi na minne."

"Na hizi ndevu?"

Mtoto anatoa cheti cha kuzaliwa. Afande anakitazama, anamtazama mtoto, anakigeuza nyuma. Cheti hakina picha. Kinaweza kuwa cha kijana mwingine yeyote. Kitambulisho nacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo kosa la huyu kijana ni kukosa kitu ambacho serikali yenyewe imemkataza kuwa nacho. Anaambiwa akae kando. Gari linangurumishwa. Hapo makanga hupita kati ya abiria akichangisha, hamsini hapa, mia pale, na baada ya muda mfupi umri wa mtoto unathibitika bila daktari.

Kina mama wamebuni dawa. Kijana husafirishwa akiwa amevaa sare kamili ya shule, sweta la sufu, tai imefika kooni, katika joto linalokaribia nyuzi 40, ili aonekane mwanafunzi kuanzia mbali. Mfukoni ana barua ya chifu iliyokunjwa mara nne hadi muhuri umegawanyika. Likizoni pia ni sweta. Wapo wanaozimia kwa joto, lakini aliyezimia haulizwi kitambulisho.

Usije ukapendekeza basi watoto hawa wasajiliwe, wapewe kadi ya msafiri mdogo. Usajili tunaujua. Wako watu wazima hapa ambao wazazi wao, Wakenya, waliwapeleka kambini Dadaab wakiwa wadogo wakati wa njaa ili wapate mgao wa chakula. Alama za vidole zikachukuliwa. Walipotimiza 18 na kwenda kuomba kitambulisho, mashine ikasema ni wakimbizi. Maelfu kwa maelfu wamekwama hivyo, kwa unga waliokula wakiwa watoto. Ni kweli Rais Ruto alitia saini pale Wajir, Februari 2025, kuondoa ule msasa wa ziada wa kitambulisho waliokuwa wakipigwa watu wa kaunti za mpakani, na tukashangilia. Lakini tangazo lile ni la waliofikisha umri. Huyu wetu bado miaka minne, na kila muhula unaanza na safari.

Ninachotaka ukijue ni kwamba mpaka hapo kizuizini mtoto hakuwa peke yake. Mama yake alimkabidhi steji, si kwa kampuni, kwa mtu. Alichungulia ndani ya gari akauliza huyu ni nani, wa ukoo gani, anashuka wapi, hadi akampata mama mmoja aliyemjua shangazi yake, akamwambia: eddo, yaani shangazi, huyu ni amana yako hadi Garissa. Tangu hapo mtoto amelishwa, amekemewa kwa kutazama simu, amepewa dirisha. Akibaki kizuizini, yule mama huteremka naye. Nimewaona wanaokaa chini mchangani mbele ya afande wakatangaza kwamba gari haliendi.

Vivyo hivyo Desemba 2015, basi la Mandera liliposimamishwa na al-Shabaab karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, na kina mama wakavua hijabu zao kuwasitiri. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata. Kisa hicho kikatengenezwa filamu, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Vifaa vya usalama vilivyofanya kazi siku ile vilikuwa vya kitambaa, na nina hakika havimo katika orodha yenu ya ukaguzi.

Sisemi gari letu ni pepo. Makanga mwenye mkono mrefu yuko hata huku, na msichana aliyeshikwa ndani ya lori gizani hana hata steji ya kupigia kelele. Nairobi, Novemba 2014, wanawake waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani. Kwetu wazee hukaa chini ya mti, huhesabu ngamia, koo mbili hupeana mikono, na msichana husikia matokeo kutoka kwa kaka yake. Hapo serikali ndiyo tuliyoihitaji, na hapo ndipo haikuwa na kizuizi.

Ninayoyaomba hayahitaji lami. Kadi ya shule yenye picha itambuliwe kizuizini kama inavyotambuliwa maktabani. Ikishindikana, kila kizuizi kiwekewe ule ubao wa kliniki wa kupimia urefu, nasi tutawashauri watoto waje wameinama.

Karibu ujionee. Gari huondoka likijaa. Njoo na kitambulisho, na kama una mwana wa miaka 14, mlete akiwa na sweta.

Wako mtiifu,
Mzazi, Liboi.

Nakala kwa:
Kamishna wa Kaunti, Garissa.
Kompyuta ya Wizara ya Elimu.
Dereva wa miraa, ambaye ndiye atakayeifikisha barua hii Garissa. Amesema ataiweka chini ya kiti, na kizuizini atasema ni ya mtu mzima.