Hojaji, Malkia wa Mwaka wa Mwisho

Lucian aliwahi kumwandikia nzi sifa, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima cha kuutukuza upumbavu. Hojaji imewakosea nini walimwengu hata isipate shairi? Karatasi hii ya kurasa nne, iliyobanwa stepla kwenye pembe ya juu, imewavusha wanafunzi wengi kutoka mwaka wa mwisho hadi kwenye joho, na shukrani yake ni kugeuzwa ya kufungia maandazi. Wazazi humshukuru Mungu, wahitimu humshukuru msimamizi wa utafiti, na msimamizi hujishukuru mwenyewe. Hojaji hubaki chini ya kitanda cha hosteli, ndani ya katoni.

Anayetaka kuiona ikiwa kazini na aende Ruring'u, mtaa wa Nyeri ambao wageni wengi huujua kwa sababu ya uwanja wake wa michezo. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopata hati yake Desemba 2012, kiko kilomita chache kutoka mjini kwenye barabara ya Mweiga. Vyuo vikuu vya Karatina, Chuka na Meru vilifuata mwaka 2013, kisha Embu na Kirinyaga mwaka 2016. Mlima Kenya umezungukwa na watu wanaoandika sura ya tatu ya utafiti wao, ile ya mbinu. Wa uhandisi hushughulika na mitambo yao, wa kemia hushinda maabara. Lakini wale wa biashara, elimu na maendeleo ya jamii hushuka mjini wakiwa na bahasha ya kaki, barua ya chuo na tabasamu, wakitafuta mtu yeyote aliyekaa.

Waitwao wasomi hupenda kusema kwamba utafiti ni kazi ngumu. Hojaji imewaondolea ugumu huo kwa upole wa ajabu, na upole wake unaonekana kwanza kwenye hesabu. Mwanafunzi akitaka kujua awahoji watu wangapi, humwendea Taro Yamane, ambaye kanuni yake ya mwaka 1967 inagawa idadi ya watu kwa moja ukijumlisha idadi hiyohiyo iliyozidishwa kwa mraba wa kosa analokubali. Kaunti ya Nyeri ilihesabiwa kuwa na watu 759,164 katika sensa ya 2019. Ukikubali kosa la asilimia tano, kanuni inadai watu 400. Sasa chukua Kenya nzima, watu 47,564,296. Kanuni inadai 400. Chukua Tanzania ya sensa ya 2022, watu zaidi ya milioni 61. Ni 400 vilevile. Ni mtawala gani katika Afrika Mashariki aliyewahi kuwatendea watu wote kwa usawa wa namna hii, wa kijijini na wa taifa?

Tatizo ni kwamba kurasa nne mara 400 ni kurasa 1,600, yaani rimu tatu na ushee, na mwenye sayba hatoi fotokopi kwa mkopo. Hapo ndipo hekima ya mwanafunzi inapochomoza. Mada iliyoanza kama "athari za mikopo ya simu kwa wakazi wa Nyeri" hupungua kwa heshima hadi "wafanyabiashara wa Ruring'u", halafu "wenye saluni wa Ruring'u", na wenye saluni wakiwa 40 tu, Yamane anaridhika na 36 au 37. Msimamizi huita hatua hiyo kuikaza mada. Mwenye sayba huiita hasara.

Jaribio la awali hufanyika Skuta au King'ong'o, kwa watu kumi hivi, ili kuhakikisha maswali yanaeleweka. Majibu hupimwa kwa kipimo alichokitoa Lee Cronbach mwaka 1951, na yakifika 0.7 mwanafunzi hulala usingizi mnono. Hicho ni kipimo cha kama majibu yanapatana yenyewe kwa yenyewe. Kama yanapatana na ukweli, hilo halimo kwenye ratiba ya muhula.

Na mwombezi mkuu wa hojaji katika Kenya ni kitabu cha Mugenda na Mugenda cha mwaka 1999 kuhusu mbinu za utafiti, ambacho ni nadra kukikosa kwenye orodha ya marejeo ya mwanafunzi wa taaluma za jamii. Olive Mugenda, mmoja wa waandishi wake, baadaye akawa makamu wa chansela wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo katika chuo kikuu cha umma nchini. Kitabu chao kina huruma. Hojaji zikirudi asilimia 50, zinatosha; 60, ni vizuri; 70 na zaidi, ni vizuri sana. Mwanafunzi aliyepata D ya hisabati shuleni hajawahi kuambiwa maneno matamu hivyo juu ya nusu.

Tazama sasa hojaji inavyopokewa. Kwenye steji ya bodaboda, kijana ameweka karatasi juu ya tangi la petroli, helmeti kichwani, kalamu ya kuazima mkononi. Swali la kwanza analisoma kwa makini na kulijadili na wenzake. La pili analisoma. Simu inalia, mteja anangoja hospitalini, na alama ya vema inateremka safu ya "nakubali sana" kutoka swali la tatu hadi la ishirini na nne kwa mkono mmoja ulionyooka. Pikipiki inawaka. Mwanafunzi anaitazama karatasi, anaitia kwenye bahasha. Imerudi, na iliyorudi huhesabiwa.

Kwa mama mboga mambo huwa marefu zaidi. Anapoona karatasi yenye nembo, huuliza: "Kijana wangu, hii ni ya pesa gani?" Tangu serikali ianzishe mkopo wa Hustler mwaka 2022, karatasi ya kujaza ina maana moja sokoni. Akielezwa kwamba ni ya masomo tu, hukubali kwa sababu naye ana mtoto chuoni, na hujibu huku akikatakata sukuma. Maswali yameandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyatafsiri papo hapo, nusu Kiswahili nusu Kikuyu, kila mara kwa namna tofauti kidogo, hata kufikia jioni ameuliza maswali matatu yaliyo mbali kabisa chini ya namba moja. Wanafika kwenye mapato ya mwezi. Mama huinua macho kuona kama kanjo, askari wa kaunti, yuko karibu, kisha huchagua kisanduku cha chini kabisa. Na hapo hojaji huonyesha adabu yake: haibishi.

Ubora wake mwingine umetoka mbali. Rensis Likert alipotoa mizani yake ya ngazi tano mwaka 1932, ilikuwa tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Yaani hata yeye alikuwa mwanafunzi anayetafuta kumaliza. Kutoka "nakataa kabisa" hadi "nakubali sana", mawazo yote ya binadamu yakapata viti vitano. Wakazi wa Ruring'u wana tabia moja inayousumbua mpango huo. Ukimwuliza mtu kama mikopo ya simu imemsaidia, atasema ndiyo, lakini. Baada ya hiyo "lakini" huja karo ya kidato cha pili, chama kilichovunjika, jirani aliyekopa kwa jina lake, na bei ya majani chai iliyomwangusha mumewe. Mwanafunzi husikiliza yote kwa heshima, mkono umetulia hewani. "Kwa hivyo niandike nne, mama?" Nne. Kisanduku cha "lakini" hakijabuniwa bado, na hapo hojaji imetuokoa na mazungumzo mengi.

Pia haina upendeleo wa umri. Swali la pili kwa kawaida ni la umri, na wote waliopita miaka 50 huingizwa pamoja kwenye kisanduku cha mwisho. Ni hapa Ruring'u, Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walipotoka msituni na kukusanyika uwanjani kusalimisha silaha zao. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati huo amepita sabini sasa, na pengine ndiye cucu, yaani nyanya, aliyekaa nje ya duka la nafaka akijipasha jua la saa nne. Mwanafunzi wa chuo kinachobeba jina la Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, anachuchumaa mbele yake kwa adabu zote, anamsalimu, anamshika mkono, kisha anamwuliza ni kwa kiwango gani anakubali kwamba M-Pesa ni rahisi kutumia. Cucu anasema tano. Hajaulizwa kingine.

Sura ya nne, ile ya matokeo, ndiyo karamu ya hojaji. Karatasi huingizwa kwenye SPSS, programu iliyozaliwa Stanford mwaka 1968, na yale yote ya stejini na sokoni hugeuka chati za duara zenye rangi. Chini ya kila chati mwanafunzi hueleza kwa maneno kile ambacho chati imeshaonyesha kwa namba, jambo linaloongeza kurasa kwa amani. Zipo hojaji ambazo hazikuwahi kuondoka hosteli: zilijazwa usiku, kalamu tatu za rangi tofauti zikipokezana, wenzake wa chumba wakijifanya wenye saluni. Nazo huingia kwenye chati zikiwa zimenyooka kuliko zile za kweli. Hojaji ni msiri mkubwa. Haijawahi kumsaliti aliyeijaza.

Kuna sehemu moja tu ambayo hata mpinzani wake hana budi kuistahi, nayo ni ile mistari mitatu mitupu ya mwisho: "Maoni mengine yoyote." Karibu kila mtu huiruka. Msimamizi huiruka, na programu haijui kuifanyia nini. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hukohuko Nyeri mwaka 1940, alipata jambo lake kubwa mahali pa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoka kwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe. Akawapata kupe. Lakini akaona pia mito iliyojaa udongo na ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, na alipokaa na wanawake wa vijijini kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, wakamwambia wanakosa kuni, maji safi na chakula. Mwaka 1977 alianzisha upandaji miti uliokuja kuitwa Green Belt Movement, na mwaka 2004 akatuzwa Nobel ya Amani. Swali la kupe lilikuwa halali kabisa. Jibu zito lilikuwa nje ya visanduku.

Nyeri, kwa kweli, ina uzoefu wa kuulizwa na kuachwa. William Scoresby Routledge na mkewe Katherine waliishi huku mwanzoni mwa karne iliyopita wakiwadadisi Wakikuyu, na mwaka 1910 kitabu chao kikatoka London. Padri Cagnolo wa Consolata alichapisha chake mwaka 1933, na hicho angalau kilipigwa chapa papa hapa Nyeri, kwenye matbaa ya misheni. Utafiti wa shahada ya kwanza haujafika hata hapo. Nakala iliyojalidiwa kwa gamba gumu na herufi za dhahabu hupelekwa idarani, hutiwa sahihi, hupangwa rafuni; ukurasa wa mapendekezo hushauri serikali ya kaunti ifanye hili na lile, na kaunti haijawahi kupelekewa nakala. Mama mboga aliyetoa nusu saa ya soko hajui alikuwa asilimia ngapi.

Hapa sifa za hojaji zinaisha, kwa sababu kosa hili si lake. Yeye alibeba majibu hadi chuoni, na hakuna aliyempa nauli ya kurudi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili au Kikuyu uliobandikwa kwenye mlango wa saluni ungetosha, au dakika tano kwenye baraza la chifu, na vyuo vingeweza kuudai kabla ya kutia sahihi, kama vinavyodai fomu nyingine nyingi ambazo hazimsaidii mtu.

Basi mkazi wa Ruring'u, kijana mwenye bahasha ya kaki akisimama mlangoni kwako, mpe kiti. Jaza, na ile mistari mitatu ya mwisho ijaze zaidi. Karatasi itakukataza kuandika jina lako, kwa hiyo chukua lake pamoja na namba ya simu, na wiki moja kabla ya mahafali umpigie umwulize wenye saluni wa Ruring'u walisema nini.