Fundi, Pakia Wasifu Wako

Wenye tai walipata LinkedIn tangu 2003. Sasa fundi bomba wa Manzese naye ana majukwaa yake ya kutafutia kazi mtandaoni. Anaombwa baruapepe, nywila, picha yenye tabasamu na aya moja kuhusu "maono yako ya miaka 5". Maono yake ni bomba lisivuje kabla hajalipwa. Jukwaa linajisifu kumwondoa dalali, kisha linakata kamisheni. Dalali wa kijiweni angalau hakudai bando. Mteja naye anachukua namba ya simu, kazi ya pili wamalizane pembeni. Hata hivyo anamtunuku nyota 2 kwa kuchelewa nusu saa, huku malipo yakiwa "mwisho wa mwezi, fundi wangu". Nyota za mteja mbona hatuzioni?