Utambulisho wa Kijesuiti, Unachukua Leo Leo

Ukishuka mwendokasi pale Tip Top, usimuulize mtu Kamati ya Kudumisha Utambulisho wa Kikatoliki na Kijesuiti inapatikana wapi. Utapelekwa kwa fundi simu. Ulizia steshenari, ile iliyobanwa kati ya muuza viatu vya mtumba na mama wa chapati. Hapo ndipo kila kamati ya namna hiyo huishia, usiku, kwa sababu kesho saa tatu asubuhi kuna kikao cha baraza la chuo na printa ya ofisini imeisha wino.

Mwenye steshenari ni mimi. Si Mkatoliki. Ni Mwislamu wa Manzese, wa tangu tulipokuwa wilaya ya Kinondoni, kabla hatujahamishiwa wilaya ya Ubungo bila mtu kubeba hata kijiko. Lakini nimechapa dira, dhima na tunu za vyuo vya watu kwa miaka mingi, hata naitikia "Milele, amina" kabla mteja hajamaliza "Tumsifu Yesu Kristo." Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe uliyeteuliwa kwenye kamati juzi, ukaambiwa ni kazi ya wiki mbili, ukaamini.

Kanuni ya kwanza: tofautisha kitambulisho na utambulisho. Kitambulisho nakutengenezea mimi. Lete picha ya pasipoti, nembo, jina la mtakatifu na namba ya usajili. Napitisha kwenye mashine ya laminesheni, dakika kumi unaondoka nacho kikiwa bado cha moto. Wajumbe wengi wanapenda utambulisho nao utoke hivyo hivyo. Watakutuma ukakague sanamu bustanini, jina la jengo la utawala, sala ya kufungulia mikutano, na fulana za sikukuu ya somo wa chuo. Kagua, uandike ripoti. Ila kumbuka kwamba daladala nyingi zimeandikwa "Mungu ni Mwema" kwenye kioo cha nyuma, na konda hajawahi kukusamehe nauli kwa sababu hiyo.

Kanuni ya nne (ya pili na ya tatu zimo kwenye mpango mkakati, hazisomwi): jua unamzungumzia mtakatifu gani. Mjumbe asiyejihadhari hudhani kila chuo chenye padri ni cha Wajesuiti. Si kweli. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichoanzia Nyegezi, Mwanza, mwaka 1960 kama kituo cha mafunzo ya jamii na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, ni cha maaskofu wa Tanzania. Agustino alifariki mwaka 430. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, alizaliwa mwaka 1491. Ukiwachanganya kwenye hotuba, mapadri watatabasamu kwa upole, na jina lako halitaonekana tena kwenye ratiba. Wajesuiti wenyewe wana chuo chao Nairobi, Hekima, kilichofunguliwa mwaka 1984 kwa ajili ya teolojia na baadaye kikaongeza masomo ya amani. Hapa jirani yetu, Mabibo, wana sekondari ya Loyola tangu mwaka 1995. Kutoka kwenye kaunta yangu unafika kwa miguu, ukijua kukwepa bodaboda.

Mwaka huo huo wa 1995 Wajesuiti walifanya mkutano wao mkuu wa 34 huko Roma, wakaandika jambo ambalo mwalimu wangu wa Kiswahili angelipenda. Walisema chuo kikuu cha Kijesuiti kina nomino na kina kivumishi, na kinatakiwa kuwa mwaminifu kwa vyote viwili. Kwa Kiswahili hili halihitaji semina. Sisi kivumishi chetu hutii nomino: chuo kizuri, mtu mzuri, mambo mazuri. Ukisema "chuo mzuri," mtoto wa darasa la tatu atakucheka. Basi kuna vyuo vinavyosema "chuo mzuri" miaka nenda miaka rudi. Kivumishi kinaning'inia getini, kimepakwa rangi ya dhahabu, nomino iko ndani inalia: maktaba imefungwa, mhadhiri hajatokea, matokeo ya muhula uliopita hayajabandikwa. Kivumishi hakiwezi kuwa kitakatifu kuliko nomino inayokibeba.

Maneno ya Kilatini yanataka tahadhari ya pekee. Kuna kamati moja, sitaitaja, iliniletea waraka wenye neno magis, maana yake "zaidi", ile ari ya Kijesuiti ya kutafuta lililo bora zaidi kwa utukufu wa Mungu. Dada anayenichapia hakulifahamu, akaona ni kosa, akalirekebisha. Waraka ukatoka umesema chuo kitahakikisha wanafunzi wote wanaishi katika roho ya maji. Ulipita kwenye ngazi tatu bila mtu kushtuka. Nasikia wanafunzi wa hosteli walipousoma walipiga makofi.

Lingine ni cura personalis, kumjali mtu mmoja mmoja. Hili huchapwa nyuma ya kitambulisho, kwa herufi ndogo, juu ya maneno "Ukiokota kadi hii irudishe kwa Mshauri wa Wanafunzi." Tutarudi hapo.

Halafu utapewa jedwali la dini za walimu. Usishangae. Katiba ya kitume Ex Corde Ecclesiae, aliyoitoa Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Agosti 1990, inataka walimu wasio Wakatoliki wasiwe ndio wengi katika chuo kikuu cha Kikatoliki. Mjumbe asiyejihadhari hukomea hapo, akaanza kuhesabu vichwa kama konda. Waraka huo huo unadai pia uhuru wa dhamiri ya kila mtu uheshimiwe, lakini sijawahi kuletewa jedwali la dhamiri. Mimi naona tu wanaopita kwangu: binti mwenye hijabu anachapa insha ya falsafa ya Tomaso wa Akwino, na mwanakwaya anasubiri nyuma yake amwazime flashi. Hakuna aliyepotea njia kati yao.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kamati yako haitaliweka kwenye ajenda.

Huyo Inyasi alikuwa mwanafunzi mwenye shida ya ada. Alianza shule akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30, amekaa Barcelona na watoto wadogo akijifunza Kilatini, mguu wake ukiwa umeshavunjwa na mzinga wa Pamplona mwaka 1521. Alikwenda Alcalá akafungwa, akaenda Salamanca akafungwa tena, kwa sababu alikuwa akizungumza mambo ya kiroho bila cheti. Mwaka 1528 akafika Paris. Alikuwa na fedha kidogo, akampa Mhispania mwenzake waliyekaa nyumba moja amtunzie. Yule bwana akazila zote. Kwa lugha ya vyuo vyetu, bumu limeingia na rafiki amelitumia. Inyasi akahamia kwenye nyumba ya wasiojiweza, mbali na darasa lake, akawa anaomba mitaani. Baadaye kila mwaka akawa anasafiri kwenda Flanders kuombaomba kwa wafanyabiashara wa Kihispania apate ada ya mwaka, na safari moja akafika hadi London. Hakukuwa na Bodi ya Mikopo.

Na yule aliyezila fedha? Aliugua huko Rouen. Inyasi akatoka Paris kwa miguu, peku, akaenda kumuuguza na kumtafutia meli ya kumrudisha kwao. Hili nalitaja kwa faida ya wanaodaiana elfu tano hapa kwetu Manzese, kituo cha Argentina.

Chuoni Sainte-Barbe alikaa chumba kimoja na Petro Faber na Fransisko Ksaveri, yule ambaye mwaka 1542 alipita Malindi akielekea India. Ukitaka kujua utambulisho wa Kijesuiti ulianzia wapi, ulianzia kwenye chumba cha hosteli cha watu watatu, mmoja wao hana hela. Wajesuiti walipokuja kufungua shule, kuanzia Messina mwaka 1548 na kuendelea, walifundisha bila ada. Bure kabisa. Walitafuta mfadhili, mji au tajiri, aweke mtaji wa kuiendesha shule, ili mtoto wa fundi viatu akae dawati moja na mtoto wa mkubwa. Hali hiyo ilidumu hadi shirika lilipofutwa na Papa mwaka 1773. Liliporudishwa mwaka 1814 mitaji ilikuwa imekwenda na upepo, na ruhusa ya kutoza ada wakaja kuiomba katika karne hiyo ya 19.

Sisemi vyuo vya leo vifundishe bure. Na mimi nalipa luku. Mhadhiri ana watoto, jenereta inakunywa dizeli, na tajiri wa kuweka mtaji hapa kwetu anajenga kwanza ghorofa. Nasema tu kwamba ukipewa waraka wa kurasa 60 kuhusu utambulisho, nenda moja kwa moja uitafute sura ya ada. Mara nyingi haipo. Ada iko kwa mhasibu, utambulisho uko kwa padri, na ofisi hizo mbili hazipo kwenye korido moja.

Kwangu, zote mbili ziko kwenye kaunta moja. Wiki mbili kabla ya mitihani napokea vijana wenye barua. Zinafanana zote: "YAH: KUOMBA KUONGEZEWA MUDA WA KULIPA ADA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Wanazichapa kwa aibu, wanaangalia nyuma kama wamekuja kuchapa risiti feki. Kijana mmoja wa hapa hapa, mama yake anauza ndizi pale soko la Mahakama ya Ndizi, alinijia usiku wa kuamkia mtihani. Barua yake niliisahihisha mwenyewe. Alikuwa ameandika "naomba radhi kwa kuwa maskini," nikamwambia hilo futa. Asubuhi alifika mlangoni mwa ukumbi na kitambulisho nilichokitengeneza mimi, chenye yale maneno ya Kilatini nyuma. Hakuingia. Barua ilijibiwa baada ya mitihani kwisha. Jibu nalo nililichapa mimi, lina nembo ya rangi, na linaanza kwa salamu katika Kristo.

Mwaka 1973 Padre Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti duniani, alisimama Valencia mbele ya watu waliosoma shule zao. Akauliza: je, tumewalea kwa ajili ya haki? Akajibu mwenyewe kwamba, kwa ukweli, hapana. Waliovaa suti walikasirika. Mjumbe akisema hivyo kwenye kikao chenu, msisimame kumjibu. Mwacheni akae, maji yaletwe.

Na tarehe 16 Novemba 1989 askari waliingia usiku katika chuo kikuu cha Wajesuiti cha San Salvador, wakawaua mapadri sita, mmoja wao mkuu wa chuo Ignacio Ellacuría, pamoja na mama mfanyakazi wa nyumba na binti yake. Mapadri hao walikuwa wameandika na kufundisha kuhusu maskini na vita vya nchi hiyo kwa miaka. Askari hawakuomba kitambulisho. Walikuwa wanawajua.

Kuhusu kazi yako ya kesho: waraka niletee kabla ya saa mbili usiku, umeme ukikatika tusilaumiane. Hakikisha jina la mtakatifu limeandikwa sawasawa ukurasa wa kwanza, maana ndio watakaousoma. Kuchapa nyeusi na nyeupe na kuchapa rangi, bei zimebandikwa ukutani. Spairo tunaelewana. Laminesheni ya kitambulisho unachukua leo leo. Barua zenye YAH: ya ada hatutozi. Kalamu ya kusaini iko kaunta, imefungwa kamba, ukimaliza mpe wa nyuma yako.