Jinsi ya Kuchambua Majigambo ya Kihaya Bila Kuaibika

Ukialikwa harusini Bukoba au Muleba, mzee akainuka ghafla na mkuki mkononi, akaanza kumwaga maneno, usikimbilie kalamu. Anajigamba. Kwa Kihaya kitendo hicho ni okwebuga, na maneno yenyewe ni ebyebugo.

Usihesabu mizani, nakusihi. Utapata mstari wa mizani tisa, unaofuata ishirini na tatu, kisha utaandika kwamba mzee kakosea. Hajakosea. Umempima kwa pishi ya ushairi wa pwani. Mstari wake huishia pumzi inapomwishia, kwa hiyo anayetaka kujua muundo asikilize mzee anapotweta.

Ukija kwenye toni, kuwa mwangalifu zaidi. Tumelelewa na utani wa "nshomile", yaani Mhaya anayejisifu kwa usomi, hata mchambuzi akisikia Mhaya akijisifu, huandika "majivuno" na kufunga daftari. Afungue tena! Atazame mzee kamwelekea nani. Zamani ebyebugo vilitolewa mbele ya Mkama, yaani mtemi, kule Ihangiro, Kianja au Kiziba, na mtu aliyekuja kuapa utii wake. Yule aliyesema "mimi" mara kumi alisimama mbele ya bwana aliyeweza kumtunuku ardhi ya nyarubanja pamoja na wakulima wake. Ndani ya kishindo kile mna ombi, na mna hofu. Niliyemsikia mimi Kamachumu alitaja ukoo wake kwa kunguruma, lakini kila alipofika kwenye "waitu", neno la heshima, sauti ililegea kama ya mtoto mbele ya babu yake. Akanywa funda la rubisi, pombe ya ndizi, akaendelea palepale alipoachia. Toni ya shairi zima ilikuwa katika kulegea kule.

Utemi ulifutwa 1963, na sheria ya 1965 ikaanza kuvunja nyarubanja. Siku hizi mzee hujigamba mbele ya wakwe, na cheo anachokidai ni cha kuheshimiwa na watu waliomchukua binti yake. Andika hilo pia.

Profesa Mugyabuso Mulokozi alitumia tasnifu nzima ya udaktari, 1986, kwa tendi za Wahaya zinazoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi. Wewe una simu mfukoni. Muombe mzee ruhusa, mrekodi tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, ndipo uchambue. Wanaojua ebyebugo virefu ni wazee, nao hawatungoji.