Moto Usiokatazwa Uluguru

Katika msitu wa hifadhi wa milima ya Uluguru, yaliko machimbuko ya mto Ruvu, kuwasha moto ni marufuku, lakini huko chini, katika studio za picha za mjini Morogoro, uchomaji ni ufundi wenye heshima, kwani ndiyo kazi ya kuandika video ya harusi kwenye DVD kwa mwale wa leza unaobadili rangi ya tabaka lililo ndani ya sahani hiyo. Kabla ya hapo fundi huirenda video, yaani kompyuta huunganisha vipande vyote kuwa faili moja, na kazi hiyo huweza kukwama kwenye asilimia 99 hadi bibi harusi ajifungue. DVD ya kawaida hubeba jigabaiti 4.7, takriban saa 2 za picha nzuri, kipimo ambacho bila shaka hakikuzingatia hotuba za kamati ya harusi. Hivyo fundi hukata, na kwa kuwa ukoo wa Waluguru, wenyeji wa Uluguru, hufuata upande wa mama, kumkata mjomba ni kosa lisilosameheka, ilhali baba aweza kupunguzwa kidogo. Hatimaye sahani hupandishwa Mgeta, huko milimani, kwa uangalifu wa kubeba mayai, hadi kwenye nyumba ambayo deki yake iliuzwa zamani, na kompyuta ya mpwa haina tundu la kuiingizia.